Tupeane uzoefu: kutunza kanisa la parokia kijijini na historia yake, sisi wa kandokando ya ziwa

Katibu wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo, na amani kwa ndugu wa madhehebu yote.

Parokia na vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vingi vya huku kwetu vinaingia kwenye jubilei. Kamati zinawahi vitenge, fulana na ng'ombe wa sherehe, halafu kitabu cha historia kinaandikwa wiki mbili za mwisho kwa kunakili cha parokia jirani. Naomba uzi huu uwe wa mambo ya kushikika. Vitabu vya parokia vinatunzwaje? Tarehe za kweli zinapatikanaje? Ukuta wa mawe wa zamani unakarabatiwaje bila kuuharibu? Mavuno yanapangwaje mahali ambapo nusu ya waamini wanalala ziwani? Mwenye ujuzi aweke hatua, vipimo, na pale panapoharibika na kwa nini. Ugomvi wa kamati za ujenzi tuuache huko huko.

Mhifadhi wa Vitabu

Milele na milele, amina. Anzeni na kitabu cha ubatizo kabla hamjamhoji mzee yeyote.

Kila cheti cha ubatizo kina namba ya LB, yaani Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa. LC ni kipaimara, LM ni ndoa, LD ni marehemu. Fungueni LB ya kwanza ya parokia yenu, mtapata padre aliyebatiza, kijiji alikotoka mbatizwa, wazazi wake na msimamizi wake. Hesabuni wasimamizi. Mkikuta jina moja limesimamia watu ishirini au thelathini ndani ya miaka michache, huyo kwa kawaida ndiye katekista wenu wa mwanzo, hata kama leo hakuna anayemkumbuka.

Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, ila maneno yanajirudia. Natus au nata ni amezaliwa, filius au filia ni mwana wa, patrinus ni msimamizi, in periculo mortis ni aliyebatizwa katika hatari ya kufa. Ioannes ni Yohana, Iacobus ni Yakobo, Hieronymus ni Yeronimo, Carolus ni Karoli. Shida iko kwenye majina ya kwetu, maana yaliandikwa kwa sikio la Mfaransa, Mholanzi au Mjerumani. Ng'wana mtaikuta Ngwana, Nguana au Mwana. Mwanza yenyewe kwenye karatasi za Wajerumani ni Muansa. Kwa hiyo msitafute kwa jina la ukoo peke yake. Tafuteni jina la ubatizo, la baba na la kijiji kwa pamoja.

Pambizo la ukurasa lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara, ndoa, upadre na nadhiri za kitawa vinukuliwe pembeni mwa ubatizo. Mtu akifunga ndoa Geita, paroko wa kule anatuma taarifa parokia alikobatizwa. Taarifa isipotumwa, kitabu kinaonyesha mseja hadi siku ya kaburi. Ndiyo sababu wachumba wanadaiwa cheti cha ubatizo kisichozidi miezi sita: kinachoangaliwa hapo ni pambizo.

Utunzaji: sanduku la bati lenye mfuniko, juu ya tofali mbili, limeachana na ukuta kiasi cha kiganja, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Msifunge kitabu kwenye nailoni, unyevu wa ziwa unabaki ndani na kurasa zinashikana. Kitambaa cha pamba kinatosha. Ukurasa uliochanika msiubandike selotepu. Gundi yake inageuka njano na kula wino. Uwekeni kwenye bahasha, mwandike namba ya ukurasa juu ya bahasha.

Kupiga picha kwa simu: meza karibu na dirisha, mwanga uje ubavuni, taa ya simu izimwe, ukurasa mmoja kwa picha moja. Mmoja afunue, mwingine apige. Majina ya picha yawe na mpangilio, mfano LB1-uk-047, la sivyo baada ya mwezi mna picha mia tatu zisizo na kichwa wala miguu. Kazi hii inahitaji ruhusa ya paroko ya maandishi. Na picha hizo zisiingie kwenye kundi la WhatsApp hata moja, kwa sababu pambizo lina mambo ya ndoa za watu na wazazi wa watoto.

Katibu wa Kigango

Asante sana mkuu. Tunasikia pia kulikuwa na diari za mapadre. Zilikwenda wapi?

Mhifadhi wa Vitabu

Shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, na aliagiza kila misheni iandike diari ya kila siku. Zimeandikwa kwa Kifaransa. Zina mvua, wagonjwa, wageni, mtumbwi uliochelewa, nani alikuja kuomba dawa. Nyingi zimehifadhiwa kwenye makao makuu ya shirika, Roma. Barua ipitie jimboni, itaje jina la misheni na miaka mnayoitaka. Ukiomba "historia yote ya parokia yetu" hakuna wa kukusaidia. Ukiomba miezi sita ya mwaka fulani, mtu anaweza kukufungulia daftari.

Mwana wa Bukumbi

Nije kwenye tarehe, maana hapa ndipo vitabu vya jubilei vinapopotoka.

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulifika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa, mwishoni mwa Desemba 1878. Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwenda Buganda, wakafika Februari 1879. Misheni ya Bukumbi ilianza 1883. Kwa hiyo parokia ikiandika kwamba ililetewa Injili moja kwa moja toka Bagamoyo mwaka 1878, ujue mtu ameazima ukurasa wa Kageye.

Angalieni pia jina la jimbo kwenye karatasi. Kabla ya 1929 mtakuta Viktoria Nyanza. Mwaka 1929 ni vikarieti (eneo la kimisionari kabla ya kuwa jimbo) ya Mwanza, 1953 ni jimbo, 1987 ni jimbo kuu. Geita ilitoka Mwanza mwaka 1984, na Bunda ilipoundwa 2010 ilichukua Ukerewe. Ukiwa kisiwani leo askofu wako yuko Bunda, lakini barua za babu yako ziko kwenye majalada ya Mwanza.

Kila mahali pana tarehe tatu zinazogombana: siku mmisionari alipopita mara ya kwanza, siku kigango kilipofunguliwa, na siku parokia ilipotangazwa na kupata paroko wake. Zote ni za kweli. Ziandikeni zote tatu, kila moja na chanzo chake, ugomvi utaisha hapo hapo.

Kuhusu wazee: usimwulize mzee mwaka. Muulize bibi, "Shikamoo bibi, kanisa lile la nyasi lilipoungua, mgongoni ulikuwa na mtoto gani?" Atakutajia bila kusita. Mtafute huyo mtoto kwenye LB, una mwaka wako, pengine na mwezi. Alama nyingine zinazosaidia: Wajerumani kuondoka Mwanza, 1916. Reli kufika Mwanza, 1928. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 na ziwa kupanda miaka iliyofuata hadi 1964, wazee wa mwaloni (ufukoni pa wavuvi) wote wanakumbuka mashamba yaliyozama. Operesheni Vijiji, karibu 1974.

Hii ya mwisho ishikeni vizuri. Watu walihamishwa, na vigango vikahama nao. Kigango kilichoonekana kufa mwaka ule mara nyingi kiko hai kilomita nne mbele kwa jina jingine. Mkiorodhesha vigango bila kuoanisha majina ya kabla na baada ya vijiji, mtahesabu kimoja mara mbili na kingine mtakisahau kabisa.

Mwinjilisti wa Magu

Bwana Yesu asifiwe. Na sisi wa AIC (Africa Inland Church) tuingie kidogo. Misheni ya Nassa ilianza na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, Waanglikana), ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission (AIM) mwaka 1909. Kwa hiyo mkitafuta habari za kabla ya 1909 msibishe hodi kwenye majalada ya AIM, tafuteni ya CMS. Watu wanapoteza miezi hapo.

Jingine ni ubatizo wa maji mengi ziwani. Chagueni ufuko wa mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi. Msiingie kwenye matete na mafunjo; konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na huko huko mamba anajificha. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hadi alasiri, kwa hiyo ibada ianze asubuhi mapema. Kila anayetoka majini ajifute papo hapo kwa taulo, asikaushwe na upepo. Waulizeni wavuvi wa mwalo huo kuhusu mamba na viboko siku moja kabla, na muulize tena asubuhi ile ile. Mchungaji anayebatiza kila mwaka aende zahanati kupima na kupewa dawa, maana yeye ndiye anayekaa majini muda mrefu kuliko wote.

Fundi Kenchi

Wakuu, nizungumzie majengo. Makanisa ya zamani ya huku ni mawe yetu haya ya Mwanza au tofali za kuchoma, yamejengwa kwa udongo au chokaa. Kosa kubwa ninaloliona ni kuyapiga plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa unapumua: maji ya mvua yanaingia na kutoka. Ukiufunga kwa saruji, maji yanabaki nyuma ya plasta, tofali inalainika, na baada ya masika mawili matatu uso wa tofali unabanduka pamoja na plasta yako. Watu wanasema fundi kaiba saruji. Hapana, saruji ndiyo iliyozidi.

Viungo vilivyochakaa vikwanguliwe kwa mkono kina cha sentimita mbili hadi tatu, msitumie grainda, inakata kingo za tofali. Safisheni vumbi, nyunyizeni maji, kisha jazeni kwa chokaa moja na mchanga tatu. Chokaa ya mfuko iloweshwe ikae walau usiku mzima iwe kama uji mzito. Kazi mpya ifunikwe magunia yenye unyevunyevu kwa wiki. Chokaa ikikaushwa na jua inageuka unga.

Mchanga upimwe. Chukueni chupa ya maji ya plastiki, mchanga hadi nusu, maji hadi karibu juu, tikiseni, acheni hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope juu yake. Mchanga ukiwa sentimita kumi, tope likizidi moja, huo mchanga uoshwe au ukataliwe.

Paa sasa. Geji ya bati inasomwa kinyume: 28 ni nene kuliko 30. Kanisa liko kilimani na upepo wa ziwa unakuja kwa kishindo kabla ya mvua, kwa hiyo wekeni 28. Msumari uwe na mpira na upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, maana bonde ndiko maji yanakopita. Bati kwa bati lilaliane migongo mmoja na nusu ubavuni, na sentimita 15 hadi 20 juu kwa chini. Upepo hauezui paa katikati, unaanza kwenye upenu na kwenye kofia (kilele cha paa). Hapo misumari iwe kila mgongo wa pili.

Paa lililoondoka zima na kenchi zake halikuwa na kosa la bati, lilikosa kufungwa ukutani. Waya nene au chuma bapa kizame ndani ya ukuta kozi (safu za tofali) tatu au nne chini ya juu ya ukuta, kipandishwe hadi kwenye mbao ya ukutani, kirudi kwenye kenchi. Ukikiweka kozi moja tu, upepo unanyanyua paa pamoja na tofali zake.

Na radi. Ziwa letu ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na kanisa ndilo jengo refu kijijini. Kipitisha radi kilichofungwa juu ya mwamba mtupu hakina kazi, kwa sababu jiwe halipokei umeme. Pasipochimbika kwenda chini, chimbeni mtaro wa ulalo wa mita kadhaa kuelekea penye udongo wenye unyevu, mlaze waya humo. Shaba inaibwa, sehemu ya chini ya mita mbili ipitisheni ndani ya bomba lililojengewa.

Sauti ya Kengele

Naongeza kuhusu kengele. Ya shaba nyeusi ipigwe na ulimi wake kwa ndani, kwenye ukingo mnene wa chini. Msipige kwa nyundo kwa nje siku kamba ikikatika, ndivyo nyufa zinavyoanza, na kengele yenye ufa haishoneki kwa mafundi wa kawaida. Kila mwaka kabla ya Pasaka pandeni muone pini ya ulimi imelika kiasi gani, mpake grisi. Ulimi ukianza kugonga sehemu ile ile hadi pametoboka kishimo, kengele izungushwe robo ili upate uso mpya.

Kigango chenye rimu ya lori kwenye mwembe: ining'inie kwa mnyororo, isiguse shina wala tawi, na ipigwe kwa bolti. Ikigusa mti sauti inakufa. Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni: tatu, tatu, tatu, kisha tisa mfululizo. Mfundisheni kijana huo mpigo kamili. Kengele ya msiba ina mpigo wake kila mahali, na ukichanganywa na huo kijiji kizima kinakimbilia kanisani kuuliza nani amefariki.

Mdau wa Kigango B

Siku hizi si tufunge spika tu kwenye mnara?

Sauti ya Kengele

Spika inataka umeme, na mvua ikianza ndiyo ya kwanza kuzima. Fungeni kwa matangazo mkipenda, lakini rimu ibaki pale pale.

Mama Wawata

Wapendwa, mavuno. Kalenda ya mkulima na ya mvuvi hazifanani, na parokia nyingi za mwaloni zinapanga kwa ya mkulima peke yake.

Wa mpunga, mahindi na dengu ana kitu kuanzia Juni hadi Agosti. Wa pamba anangoja soko lifunguliwe. Mvuvi wa dagaa anahesabu mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikijaa taa haivuti tena, mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, hesabu za giza lililopita zinalipwa. Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu ndiyo wanaume wako nyumbani na mfukoni mna kitu. Basi chukueni kalenda ya mwaka mzima, zungushieni duara kila mwezi mpevu, ndipo mpange mavuno, semina za ndoa, mafundisho ya kipaimara ya vijana na mikutano ya jumuiya. Mkiweka katikati ya giza mtawaona akina mama na wazee tu, halafu mtu asimame kusema wavuvi hawana imani. Inauma sana kusikia hivyo, wakati kosa ni la tarehe.

Mapokezi: debe moja tu la parokia litumike kwa wote, lisawazishwe kwa ubao, lisijazwe kilele. Debe sita ni gunia. Wapokeaji wawe watatu kutoka jumuiya tofauti, na daftari liwe na jina, jumuiya, kitu, kipimo, na bei kilipouzwa. Hiyo ya mwisho inasahaulika, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Mahindi mabichi yanaharibu gunia zima. Pimeni kwa chupa kavu ya kioo: punje robo chupa, chumvi kavu vijiko viwili, tikiseni dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudi juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Dagaa msiwahifadhi kabisa. Uzeni wiki ile ile. Aliyeanikwa juu ya mchanga tengeni na aliyeanikwa kwenye chanja, bei zake si moja. Kuku, mayai na ndizi vipigwe mnada baada ya misa, papo hapo.

Zaka, sadaka na mavuno ni mifuko mitatu. Msiazime toka mmoja kujazia mwingine bila kuandika.

Sakristia ya Visiwani

Kwa vigango vya kufikiwa kwa mtumbwi: safari ni alfajiri ziwa likiwa limetulia, kurudi kabla upepo wa mchana haujashika. Vitu vya misa vikae kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana, si kwenye begi. Hostia zinavuta unyevu haraka na kuota ukungu. Chukueni za mwezi mmoja tu, kwenye chombo kikavu. Jaketi okozi kwa kila mtu, padre na watumishi wa altare kwanza ili waamini waone. Watu wa kisiwa cha Ukara hawahitaji kuelezwa sababu tangu kivuko MV Nyerere kilipozama, tarehe 20 Septemba 2018.

Mwana wa Bukumbi

Mkiwa na nafasi, kamati itembee Bujora, Kisesa. Padre David Clement, wa Mapadre Weupe, ndiye aliyeweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma pale. Kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na altare imechongwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Sherehe ya Bulabo, wakati wa Ekaristi Takatifu mwezi Juni, inawakutanisha Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, kwa ngoma. Angalieni vitu vilivyopangwa: kila kimoja kina mahali pake na maelezo yake. Chumba kimoja cha parokia, kabati la kioo, kinanda cha zamani na kalisi ya mwanzo vinaweza kupangwa vivyo hivyo.

Katibu wa Kigango

Swali la mwisho kwa Mhifadhi. LB yetu imeliwa na mchwa, kurasa za miaka kadhaa hazipo. Watu wa miaka ile wanahitaji vyeti. Tujaze upya kitabu kile kile?

Mhifadhi wa Vitabu

Hapana, msiguse kitabu cha zamani hata kwa kalamu ya risasi. Kwanza tafuteni nyayo zake kwingine: LC na LM hutaja namba ya LB ya mtu, na kadi za nyumbani zinayo pia. Mtu ambaye hana hata kimoja, sheria ya Kanisa inakubali ushahidi wa mtu mmoja mwaminifu asiye na maslahi, msimamizi wake kwa mfano, au kiapo cha mhusika mwenyewe kama alibatizwa mtu mzima. Paroko anaandika ushahidi huo kwenye karatasi yenye muhuri wa parokia, shahidi anasaini au kuweka dole gumba, kisha jina linaingizwa kwenye kitabu cha sasa na pembeni inatajwa karatasi ile. Anzeni na wasimamizi walio wazee zaidi, hata kesho.